Skana za kidijiti zipangwe kabla ya kuuzwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoleta skana za kidijiti hapa Uganda, yaani redio zinazotafuta na kusikiliza mawasiliano ya redio angani, pamoja na wanaozinunua. Nyingi huja na mpangilio wa Marekani ndani yake, na muuzaji hukabidhi boksi kama lilivyotoka kiwandani. Mnunuzi akibonyeza kitufe cha kutafuta, skana huzunguka kutwa bila kunasa kitu, naye hudhani ameuziwa kibovu.

Kosa kubwa liko kwenye hatua, yaani ukubwa wa kila mruko wa skana inapotafuta. Skana haitelezi juu ya masafa, inaruka. Chaneli unayoitafuta ikiwa 453.0125 MHz, na skana inaruka kwa kHz 5, itatua 453.010 au 453.015, yaani kHz 2.5 pembeni. Redio ya mawasiliano ya FM isiyo ya kidijiti bado itasikika, ingawa kwa kukwaruza. Kwa DMR, mfumo wa redio za mawasiliano za kidijiti ambao chaneli yake nzima ni kHz 12.5, mara nyingi hilo linatosha kuvuruga data: skana inasimama, inakoroma, inaondoka. Weka hatua ya kHz 12.5 kwa redio za mawasiliano za VHF na UHF, 6.25 kwa NXDN nyembamba (mfumo mwingine wa kidijiti), na 25 kwa ndege kati ya 118 na 137 MHz, tena kwa mtindo wa AM. Hata muda unaokolewa. Kutoka 136 hadi 174 MHz kuna hatua 7,600 za kHz 5, lakini 3,040 tu za 12.5. Skana inayoruka mara 80 kwa sekunde humaliza mzunguko kwa sekunde 38 badala ya 95, na mazungumzo mengi ya redio hayafiki hata sekunde kumi.

Menyu ya huduma zilizopangwa tayari haina kazi hapa. Itakupeleka kwenye utabiri wa hali ya hewa wa Marekani, 162.400 hadi 162.550 MHz, wakati mtu wa kando ya Ziwa Victoria anahitaji 156.800, chaneli 16 ya dharura majini. Hiyo aiandike kwa mkono.

Kwa wakazi wa Kampala kuna tatizo jingine, nalo si la mpangilio. Ukiwa karibu na minara ya Kololo au Naguru, stesheni za FM huielemea skana hadi inaanza kuzalisha masafa ya uongo. Tuseme stesheni moja iko 104.5 na nyingine 90.5. Zidisha ya kwanza mara mbili, toa ya pili, unapata 118.5, ndani ya masafa ya ndege. Utafutaji unasimama hapo kila mzunguko na unachosikia ni muziki uliopondeka. Washa kipunguza mawimbi. Ukipunguza desibeli 10, ishara ya kweli hushuka 10, lakini ya uongo ya aina hii hushuka takriban 30, kwa hiyo hupotea kabisa. Dawa ya kudumu ni kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 MHz, kinachofungwa kati ya antena na skana. Kuiambia skana iyaruke masafa ya uongo kwa muda hakusaidii sana, maana kwenye skana nyingi orodha ya masafa ya kurukwa hufutika ukizima.

Programu za kompyuta nazo zinachosha. Nyingi hutaka Windows, na baadhi huuliza msimbo wa posta wa Marekani kabla ya kukuonyesha chochote. Mteja anapaswa kuambiwa aanze kwa kusoma yaliyomo kwenye skana na kuhifadhi nakala, ndipo ahariri na kurudisha. Akianza na faili tupu akaituma, huenda ikafuta yote aliyoandika. Kompyuta isipoiona skana, abadilishe kebo kwanza: nyingine zina nyaya za kuchaji tu. Kusasisha programu ya ndani kufanyike betri ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika katikati skana inaweza isiwake tena.

Muuzaji pia aache kuahidi kwamba skana itafungua kila kitu. Nyingi za mkononi hazifungui TETRA, mfumo mwingine wa redio za kidijiti, na mazungumzo ya wengine yanalindwa na sheria ya mwaka 2010 ya unasaji wa mawasiliano.

Ninachoomba kwa wenye maduka ni dakika kumi za kazi kabla ya kupokea pesa: badilisheni hatua za kila bendi, andikeni chaneli 16, kisha tafuteni masafa ya ndege mbele ya mteja hadi asikie mwenyewe.

Fundi wa redio,
Kampala