Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Fomu za Kliniki za Mzio Zibadilishwe

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mzio. Nina ombi moja: fomu tunazojaza, na namna zinavyokaguliwa, zibadilishwe.

Majuzi nilifungua faili la kijana mmoja. Juu ya jalada, kwa wino mwekundu: MZIO – PENISILINI. Basi. Kisanduku kimejazwa, sahihi ipo, mkaguzi angeridhika. Nikamuuliza mama yake ilikuwaje. Akafikiri kidogo, akasema, "Aliharisha tu, mwanangu. Alikuwa na mwaka mmoja." Kuharisha peke yake ni athari ya kawaida ya dawa hiyo, si mzio. Kwa neno moja lisilo na maelezo, tangu utotoni kijana huyu amenyimwa dawa nafuu inayomfaa, akipewa nyingine zinazochochea zaidi usugu wa vimelea. Wala si peke yake: wengi walioandikwa hivyo, wakipimwa vizuri, zaidi ya 9 kati ya 10 hukutwa hawana mzio huo. Fomu ingeuliza tu alipatwa na nini, baada ya muda gani, akatibiwaje, tungejua.

Sindano za kuzoesha mwili kile kinachouletea mzio ndizo zinazoninyima usingizi. Tiba hii huchukua miaka 3 hadi 5, dozi ikipandishwa kidogo kidogo. Mgonjwa akikosa wiki kadhaa, dozi hushushwa. Pumu ikiwa imembana siku hiyo, hachomwi. Sasa fomu yetu ina nafasi ya tiki: "Amechomwa." Mwenzangu wa zamu ya kesho atajuaje kilitumika kichupa kipi, mililita ngapi, mkono gani, palivimba kiasi gani, na kama mgonjwa alikaa zile dakika 30 za kuangaliwa? Koo likianza kufunga, adrenalini inatakiwa iingie pajani pale pale. Hakuna wa kupekua makaratasi. Ya kuzuia hali hiyo yalipaswa kuandikwa wiki iliyotangulia.

Hata simu za kuwafuatilia wagonjwa nyumbani ni vivyo hivyo. Tunaulizwa tumezungumza dakika ngapi. Hatuulizwi mgonjwa alisema nini, wala dawa gani ilibadilishwa.

Siombi ukaguzi upunguzwe, Mheshimiwa. Nautaka, tena uwe mkali kuliko sasa. Mkaguzi akija, achukue faili lolote, ampe muuguzi asiyemjua mgonjwa huyo, kisha amuulize: leo ungemchoma dozi gani, na kwa nini? Akishindwa kujibu kwa kusoma faili hilo, kliniki iandikwe kuwa imeshindwa, hata kama kila kisanduku kina tiki.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa kliniki ya mzio