Mbuzi mwenye pua ya soketi

Shoga angu wa Muscat,

Assalaam aleikum. Za huko na jua lenu? Sisi wazima alhamdulillah, Tanga mvua tu, nguo hazikauki. Nilitaka nikutumie voisi nikaona hapana, hii naiandika, maana nikiisema ntacheka nisimalize.

Ni kile kitabu ulichomletea mwanangu ulivyokuja likizo, Charlotte's Web. Kilikaa juu ya friji mwezi mzima shoga, nilifungua ukurasa wa kwanza nikakifunga, nikasema huyu mwanamke ananitafutia ubaya, kaniletea kitabu cha nguruwe nyumba ambayo mama mkwe yumo! Afu wiki ile umeme ukawa unakatika kila ikifika saa moja usiku, TV hakuna, simu haina chaji, mtoto ananizunguka kama nzi, basi nikachukua tochi nikamwambia njoo hapa. Kiingereza chake bado cha kubabaisha kwa hiyo mie nasoma kimoyomoyo afu nampa kwa Kiswahili, na hapo ndo nikafanya ujanja wangu, nguruwe nikamgeuza mbuzi.

Mbuzi alienda vizuri sana. Siku mbili. Baba anataka kukaua kambuzi kwa shoka kwa sababu kamezaliwa kadhaifu, Fern, binti yake, kalining'inia lile shoka hataki, mtoto ametulia tuli, na kila penye picha mie nafunika na kiganja. Siku ya tatu umeme upo, nimejisahau, kiganja kiko kwenye kikombe cha chai. Akavuta kitabu karibu, akakitazama, akanitazama mimi. "Mama, huyu mbuzi mbona pua yake kama soketi?"

Nikakosa la kusema. Bibi yake yuko palepale kwenye kochi na tasbihi yake. Mtoto kapaza sauti, "Ni nguruwe eeh? Si haramu?" Nikasema kumla ndo haramu baba, kumsoma... nikaishia hapo. Akajibu bibi, hata shingo hakugeuza: "Naye kaumbwa na Mungu huyohuyo. Haya endelea, yule msichana si alishashika shoka, mbona leo humtaji?" Kumbe siku zote mbili alikuwa anasikiliza!

Basi ndo tukawa watatu. Alipoingia Charlotte, yule buibui, anamwamkia mwenzie asubuhi kwa neno kubwaa la kizamani, nikawaza, nikampa "sabalkheri". Bibi akafurahi huyo, akasema sasa huyu kalelewa. Afu akatutolea kisa cha buibui aliyefuma utando mlangoni mwa pango Mtume alimokuwa na Abu Bakr, maadui wakafika wakaona utando mzima, wakajua hakuna aliyepita. Mtoto kashika kichwa, "kwa hiyo buibui kazi yake ni kuokoa watu?" Toka hapo hakuna aliyejali tena nguruwe.

Sasa yale maneno ndo yalinitoa jasho. Charlotte anaandika sifa za nguruwe kwenye utando ili asichinjwe, si unakumbuka, la kwanza SOME PIG. Mie nikatafsiri vilevile, "nguruwe fulani". Mtoto akanishangaa, "sasa hiyo ndo sifa mama? Huyo si atachinjwa leo leo?" Akafikiria, akasema aandike NGURUWE SI MCHEZO. Yani nimesoma chuo mie, sikuliona hilo! La pili, TERRIFIC, nikajitutumua nikasema KIBOKO. Hapo wote wawili wakanikatalia, nguruwe halafu kiboko, wenye shamba wakija watachanganyikiwa wanafuga mnyama gani. Tukaweka BALAA. RADIANT tukamwachia ANAMEREMETA kama bibi harusi, na HUMBLE sikumbuki tulisemaje maana bibi alishasinzia.

Afu ikaja sura ya 21. Nilishaichungulia mchana, jikoni, nikaunguza vitunguu. Charlotte anakufa kule kwenye maonyesho, watu wameshaondoka, hana hata mmoja pembeni yake. Nikapanga moyoni kwamba leo namsafirisha, atakwenda kwa dada yake Unguja, yaishe. Nimefungua tu, nadhani aliniona usoni, akaweka kidole juu ya ukurasa. "Mama, usinifanyie mbuzi."

Nikamsomea kama ilivyoandikwa. Nilifika katikati sauti ikakata, nikanywa maji, nikaanza tena, ikakata. Bibi akasema innalillahi, akaivuta kanga usoni. Baadaye nikasoma mahali kwamba mwandishi mwenyewe, E. B. White, aliporekodi kitabu kwa sauti yake, pale pa kufa Charlotte inasemekana alirudia mara 17 ndo akaweza, nikajisikia nafuu kidogo. Na huyo mzee alikuwa na shamba lake Maine huko Marekani, aliwahi kumuuguza nguruwe wake wee mpaka akamfia, akaandika makala 1948, kitabu kikaja kutoka 1952. Mie naona alikuwa na deni, yule wa kweli alimshinda, huyu wa kitabu akasema hafi.

Mtoto hakulia, unajua? Aliuliza tu, "Peke yake? Hakuna hata mmoja?" Nikamwambia hakuna. Kimya. "Na mayai yake je?" Basi tukasoma mpaka saa nne kasoro na kesho shule, mayai 514, vitoto vinapaa na upepo, vinabaki vitatu tu. Bibi yeye kampenda Templeton, yule panya, eti ndo mkweli kuliko wote, hata kwenye msiba kadai kwanza akubaliwe kula kabla ya nguruwe ndo akachukue hayo mayai. Kasema anamkumbusha fundi wetu wa bomba.

Sasa hasara yangu ni hii: siwezi tena kudanganya humu ndani. Juzi nimemwambia sina hela ya ukwaju wa barafu, akautazama mkoba, "mama usinifanyie mbuzi". Hata baba yake amedakia, nikimwambia chakula kiko tayari ananiuliza ni tayari kweli au ni tayari mbuzi. Na dirisha la bafuni lina utando kama pazia, bibi anafagia dari lote, akifika pale ufagio unapindisha.

Ukija mwezi wa 12 lete kingine. Bibi anauliza kama hakuna cha yule panya peke yake.

Nisalimie wanao,
Shogaako wa Tanga