Naitwa mvumilivu, lakini nimeishiwa maneno ya kusali

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa miaka 46, mkulima wa korosho, naishi kijiji kimoja upande wa Ndanda, wilayani Masasi. Naomba mnisome hadi mwisho, maana sina pa kuyasema haya nikiwa kijijini.

Mume wangu alipata kiharusi mwezi wa saba mwaka 2021, wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Alitoka alfajiri na mashine mgongoni ili awahi kabla upepo haujaanza. Jua lilipopanda, kijana wetu akaja mbio. Tulimkuta ameketi chini ya mkorosho, mashine bado inanguruma, unga wa salfa umemjaa kichwani, mdomo umekwenda upande. Tangu siku ile mkono na mguu wa kulia havina kazi, na maneno yote yamempotea isipokuwa moja tu, "haya". Akitaka maji, haya. Akiumia, haya. Na huyu alikuwa katekista, jamani. Nusu ya watoto wa kigango chetu amewafundisha yeye kabla ya komunyo ya kwanza.

Hospitali walinielekeza nimgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda. Basi usiku naitega simu ilie. Saa sita, saa nane, saa kumi. Kukikucha ni uji, kijiko kimoja kimoja, na lazima nisubiri ameze, kwa sababu nikiharakisha anapaliwa. Halafu naingia shambani. Jioni maji, kuni, kumwogesha. Binti yetu wa kidato cha pili hunisaidia akiwa likizo.

Kazi nimeizoea. Kinachonikosesha usingizi ni mambo mawili.

La kwanza ni ndugu. Sisi Wamakua, mjomba ana neno zito, na mjomba wa mume wangu amesikia habari za mtumishi mmoja huko Dar es Salaam anayeombea wagonjwa wakasimama. Sadaka anayotaka ni kubwa, na nauli juu yake. Sasa mikorosho imejaa maua, na mtu wa kangomba ameshapita nyumbani. Yuko tayari kutoa fedha leo, korosho tumpe zikikomaa, kwa bei ya kutupa. Mjomba anasema nikubali. Nilimweleza kwamba kangomba imepigwa marufuku, na kwamba tukipeleka mzigo ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika ukauzwa mnadani, fedha itatosha ada, dawa na salfa ya mwakani. Akanijibu mbele ya watu: "Mwanangu, wewe huna imani. Unamwekea Mungu mahesabu."

Neno hilo liliniingia. Nilikwenda chumbani nikalia. Mimi naamini Mungu anaponya. Ila siamini kwamba anasubiri niuze maua ya mikorosho ndipo amtazame mume wangu. Je, hapo nimekosa? Na nimjibuje mjomba bila kumvunjia heshima? Mzee huyu alisimamia ndoa yetu, na siku mume wangu alipoanguka yeye ndiye aliyetafuta gari.

La pili ni zito zaidi, sijawahi kumwambia mtu.

Tangu Kwaresima sala zangu zimekauka. Naenda kanisani, napiga magoti, halafu sipati cha kusema. Wenzangu wakiimba, mimi natazama migongo yao. Zamani nilikuwa nikilia mbele ya Ekaristi na kuondoka mwepesi. Sasa hata machozi hayaji. Usiku mmoja, simu ilipolia saa nane, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikawaza, Bwana, mchukue tu. Sijui nilimwombea yeye apumzike au mimi. Nikamgeuza, nikamfunika, nikarudi kulala.

Na ndipo akina mama wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, wamenichagua nitoe ushuhuda kwenye mkutano wetu ujao, kuhusu uvumilivu katika ndoa. Wananiita mfano. Nikisimama pale niseme nini? Kwamba Mungu ananipa nguvu kila siku? Nguvu zipo kweli, kwa sababu kila asubuhi naamka na kazi inafanyika. Lakini raha ya imani niliyokuwa nayo siioni, na kusema uongo kanisani naogopa.

Paroko aliwahi kutuhubiria juu ya nabii Eliya, alivyolala chini ya mti nyikani akamwambia Mungu yatosha, na malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena. Nimelishika hilo neno kama fimbo. Ila Eliya aliamka akatembea siku arobaini akafika kwenye mlima wa Mungu. Mimi huu ni mwaka wa nne, na mlima siuoni.

Kitu kimoja tu naweza kuwaonyesha. Jioni tunasali rozari, mimi natamka, yeye anashika punje kwa mkono wa kushoto. Juma lililopita nilipitiwa na usingizi kwenye fumbo la pili. Niliposhtuka, taa ya sola ilikuwa imefifia, na yeye alikuwa ameshafika la tano. Kidole gumba kinasukuma punje, midomo inacheza polepole: haya, haya, haya. Hakuniamsha. Nikabaki namsikiliza hadi akamaliza.

Ninyi mliouguza miaka mingi, nawauliza: sala ikikauka hivi, mlifanya nini? Mliendelea kukaa kimya hivyo hivyo mbele za Mungu, au kuna mtu mlimwendea? Nimwambie padre habari ya ule usiku wa saa nane? Na ushuhuda nikatae, au nisimame nieleze ukweli wote kama nilivyoandika hapa?

Mjomba anarudi Jumapili ya mwisho wa mwezi kuchukua jibu la shamba. Nitashukuru nikipata neno lenu kabla ya hapo.

Mama wa Ndanda