Usiitupe yote ile filamu ya bondia

Swahiba wangu wa dhati,

Barua yako niliisoma mara mbili, na pale ulipoiponda Killer's Kiss pamenikaa rohoni. Unasema ni kazi ya mwanagenzi, na kwamba lisingekuwa jina la mwongozaji wake, Stanley Kubrick, hakuna ambaye leo angejisumbua nayo. Usiku huohuo nikaitazama tena, dakika zake zote 67. Kuna nusu ya maneno yako naikubali, na kuna nusu naikataa.

Nianze na tunalokubaliana. Wahusika wakifungua midomo tu, filamu inapwaya. Mazungumzo yaliingizwa baadaye studioni, na sauti ya Gloria si ya Irene Kane tunayemwona, ni ya mwigizaji mwingine. Ndiyo maana maneno yanaelea kana kwamba hayana mwenyewe. Hadithi nayo ni nyembamba: Davey, bondia anayeelekea kuisha, Gloria, binti anayelipwa kucheza dansi na wateja ukumbini, na Rapallo, bosi wa ukumbi mwenye wivu. Mwisho wake ndio kabisa siuamini. Gloria amekwisha kumkana Davey ili aokoe roho yake mwenyewe, halafu ghafla anakuja mbio stesheni kumkumbatia! Katikati hapo hatukuonyeshwa chochote cha kumrudisha.

Lakini hebu zima sauti uitazame kwa macho tu. Mwaka 1955 filamu hii ilipotoka, Kubrick alikuwa na miaka 27, naye alikuwa ameanzia kwenye kupiga picha za jarida la Look. Kamera aliishika mwenyewe na uhariri akafanya mwenyewe. Tazama yale madirisha mawili yanayoelekeana. Davey na Gloria hawajasemezana bado, ila kila mmoja ameshajua taa ya mwenzake inawaka saa ngapi. Wanatoka, kila mtu na ngazi zake, wanakutana chini bila neno la maana. Upweke wa watu wawili katika New York umeshaelezwa wote. Kisha lile pambano: Davey anachapwa ulingoni, na kwingineko Rapallo anamvuta Gloria mbele ya televisheni inayoonyesha kipigo hichohicho. Ngumi Kubrick alizijua. Mwaka 1951 alishatoa filamu fupi ya kweli, Day of the Fight, kuhusu bondia Walter Cartier.

Na lile ghala la masanamu ya kuvalishia nguo, swahiba, umelipitaje kwa sentensi moja? Rapallo ameshika shoka, Davey ameshika mti wenye ncha ya chuma, na wamezungukwa na wanawake wa bandia, uchi, wengine hawana mikono wala vichwa. Wanarushiana viwiliwili. Wanakosa shabaha, wanahema, wanachoka kama watu wa kweli wanavyochoka. Mimi naona ndipo filamu inaposema jambo ambalo mazungumzo yake hayakuweza: wanaume wawili wanauana kwa ajili ya mwanamke, na wanawake waliopo pale ni vitu vya kuvunjwa tu. Hakuna aliyetamka hilo, wala hapakuwa na haja.

Kuhusu ile ngoma ya baleti, ambapo Ruth Sobotka, mke wa Kubrick wakati huo, anacheza peke yake gizani huku Gloria akisimulia kifo cha dada yake, bado nimegawanyika. Ni ndefu mno. Hata hivyo, tangu nilipoitazama sijaacha kuifikiria.

Sikubaliani pia na wale wanaodai kwamba ukubwa wote wa Kubrick umo humu tayari. Haumo. Mwaka mmoja baadaye, kwenye filamu yake The Killing, alichukua riwaya ya Lionel White, na mazungumzo akamwachia mwandishi Jim Thompson. Nadhani alikuwa amejua kilichompungukia. Jicho lilikuwa lake tangu mwanzo; maneno alikwenda kuyatafuta kwa wenye nayo.

Basi nifanyie hisani moja. Anzia pale wanapokimbizana juu ya mapaa, sauti ikiwa imezimwa, mpaka ghalani. Ukimaliza niandikie siku hiyohiyo, kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine yeyote.

Ni mimi,
nduguyo akupendaye