Salamu za Pasaka: Nia Tunazozitaja na Nia Tulizo Nazo

Tumsifu Yesu Kristu!

Wapendwa wanajumuiya, mlio hapa Nairobi na mliokwisha kufika mashambani, Pasaka njema. Kristu amefufuka, kweli amefufuka. Mwenyezi Mungu awajalie amani, afya na riziki, azilinde nyumba zenu na awarudishe salama walio safarini.

Kwaresima ya mwaka huu hatukuhangaika kutafuta cha kufunga. Mafuta ya kupikia yamepimwa kwa kikombe, chapati za leo zimehesabiwa kabla unga haujakandwa, nauli imepanda kama kila Pasaka, na karo ya muhula wa pili inabisha hodi. Katikati ya hayo tukamzika mama yetu aliyekuwa akituongozea rozari. Mnakumbuka alivyokuwa akijibu akiulizwa nia yake: "Ninayo." Basi, anashika shanga na kuanza. Jumapili ile alipolazwa, niliposoma majina ya wagonjwa wetu niliruka jina lake, kwa kuwa sauti ingekatika.

Jibu lake hilo limenifanya nilitazame upya hili neno tunalolitumia kila wiki. Nia ni kile tunachokiombea, na nia ni kile kinachotusukuma kukiomba. Ya kwanza tunaitaja kwa sauti. Ya pili unaweza kuwaficha wenzako tu, si Mungu.

Jumatano ya Majivu tulisomewa Mathayo sura ya 6, wale wanaopenda kusali wamesimama penye njia panda ili waonekane. Yesu hasemi kwamba hawatalipwa. Anasema wamekwisha kupata thawabu yao, na neno la Kigiriki lililoko hapo ndilo lililokuwa likiandikwa kwenye stakabadhi za enzi hizo: nimepokea, deni limekwisha. Ni kama ujumbe wa M-Pesa ukishaingia. Walitaka kuonekana, wakaonekana, hesabu ikafungwa.

Sasa tuangalie nia tunazozitaja Alhamisi jumuiya inapokutana. Kuna ile inayosema, "Tumwombee jirani yangu, mume wake amerudia pombe na juzi amelala nje." Nusu ya kwanza ni sala, nusu ya pili ni umbea uliovaa kitenge cha kanisani. Ukitaka kumwombea, taja shida kwa neno moja, au mtaje kimoyomoyo, maana Mungu anajua nyumba ni ipi. Kuna na ile inayosema, "Ee Bwana, waguse wale ambao hawajaleta mchango." Hiyo haielekezwi mbinguni, inaelekezwa kwenye viti vya nyuma, na mhazini angeweza kupiga simu tu. Na kuna bahasha za nia za Misa. Jina la mtoaji likisahaulika kusomwa, ofisi ya parokia haipumui kwa simu. Nia ile padre huibeba altareni hata isiposomwa kwenye kipaza sauti. Aliyekasirika ajiulize ni kitu gani hasa alichokuwa amekilipia.

Wengine watasema, basi tusali chumbani peke yetu. Hapana. Yesu huyo huyo alitufundisha kusema "Baba yetu", wala si "Baba yangu". Na Ijumaa Kuu Kanisa limetuonyesha jinsi ya kuomba pamoja bila kujionyesha. Sala zile kuu ni 10, na kila moja ina hatua tatu: nia inatajwa kwa ufupi, watu wananyamaza, kisha padre anakusanya yote katika sala. Sisi tumekata hatua ya katikati. Msomaji hajamaliza, tumeshaitikia "Ee Bwana, twakuomba utusikie", kwa sababu mvua inakuja na matatu zitapandisha nauli. Lakini ni katika kimya kile ndipo mtu hukutana na nia yake ya pili. Ukikiondoa, unabaki na orodha na kiitikio.

Kwa hiyo tufanye hivi. Kila nia iwe sentensi moja, bila historia ya mgonjwa. Baada yake tunyamaze kwa muda wa pumzi tatu hivi, ndipo tuitikie. Agostino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, aliwahi kumwandikia mjane Proba kwamba wamonaki wa Misri walisali mara nyingi lakini kwa maneno machache, kama mishale inayorushwa upesi, wasije wakachoka na moyo ukalala. Na asije mtu akaogopa kurudia maneno. Kule Gethsemane Yesu alirudia ombi lile lile mara tatu. Alianza na alichokitaka kweli, kikombe kimwepuke, ndipo akasema mapenzi ya Baba yatimizwe. Nyinyi mnaodaiwa kodi, semeni kodi! Msianze na amani ya dunia ili msikike kuwa wakomavu, na huku moyo uko kwa mwenye nyumba. Amani ya dunia itapata zamu yake. Anayemficha Mungu shida yake kwa maneno mazuri hana tofauti na yule wa njia panda, ila huyu anajionyesha kwa Mungu badala ya watu. Tuache, ndugu zangu. Tuache kabisa.

Heri na baraka za Pasaka ziwafikie pia wagonjwa wetu, wajane, waliopoteza kazi na waliofurikiwa na maji wiki hizi. Wasiobatizwa usiku wa kesha kwa sababu ya karatasi kukosekana, katekista anawasubiri.

Wiki hii ya Oktava, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, hatukutani. Tunarejea Alhamisi baada ya Dominika ya Huruma ya Mungu, saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumba ile ile tuliyokutana mara ya mwisho. Binti ya marehemu ametuachia rozari ya mama yake. Atakayeongoza ataikuta mezani.