Asante wewe ulieandika maelezo ya bodi ya virt

Sikujui jina wala uliko, ila kama ndo wewe ulikaa chini ukaandika maelezo ya bodi ya virt ya ARM kwenye QEMU (QEMU ni programu ya kuiga kompyuta, ARM ni aina ya prosesa, na virt ni bodi ya kuigizwa tu, haipo kama kifaa cha kushika), asante sana mkuu, toka moyoni. Wengi wakishamaliza kodi (code) za kuiga bodi wanaishia hapo, we ukatuorodheshea na vifaa vilivyomo. Kilichonisaidia zaidi ni kile kipande cha programu zinazorani bila mfumo endeshi, pale umesema memori ya flashi inaanzia anwani 0 na RAM inaanzia 0x40000000, hivyo viwili ndo vya kutegemea, vifaa vingine tuvitafute kwenye DTB (data inayotaja vifaa vya bodi na anwani zake) maana toleo jipya la QEMU linaweza kuvihamisha, na hiyo DTB inakaa mwanzoni mwa RAM kabisa. Alafu ukakumbuka kusema CPU inayokuja yenyewe ni cortex-a15 ya biti 32, anaetaka kurani kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya biti 64 achague CPU mwenyewe kwa kuandika -cpu kwenye amri ya QEMU, yani mstari mmoja tu huo unamwepusha mtu na usiku mzima wa kukodolea skrini isiyotoa hata herufi. Kodi ndo zinasifiwa, maelezo hayapigiwi makofi, mi naona sio haki. Ubarikiwe, na ukipata nafasi endelea na bodi zingine, tunasoma.