Fischer na Spassky 1972: tuanzie hatua ya 14

Ndugu Mhariri,

Kila unapotajwa mchezo wa sita wa sataranji wa kuwania ubingwa wa dunia kati ya Fischer wa Marekani na bingwa mtetezi Spassky wa Umoja wa Kisovieti, uliochezwa Reykjavik, Iceland, tarehe 23 Julai 1972, habari huishia hatua ya kwanza: Fischer, mtu wa e4 miaka nenda rudi, safari hii kaanza na c4 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari wa kulala; kwa pamoja ni jina la mraba ambao kete inatua). Mshangao ulikuwepo, lakini siyo uliomfunga Spassky. Kufikia hatua ya tatu ubao ulishakuwa wa Gambiti ya Malkia, ufunguzi wa kawaida, naye Spassky akachagua mbinu ya kujilinda iitwayo Tartakower, aliyoijua vizuri. Alipoteleza ni hatua ya 14, na hapo ndipo vijana wetu wa sataranji wanapaswa kupelekwa.

Pangeni kete muone. Fischer ana Weupe, Spassky Weusi. Malkia mweupe yuko a3, ngome c1, askofu ndiyo kwanza katua b5. Weusi wana malkia e7, ngome a8 na c8, askari c5 na d5. Malkia wa a3 anatazama mshazari mpaka e7, kwa hiyo askari wa c5 akisogea, malkia mweusi analiwa. Spassky akasukuma a6 kumfukuza askofu. Lakini askari huyo wa a6 naye kafungwa: akimla askofu, ngome ya a8 inakwenda. Fischer akala c5, askari wa b6 akalipiza, mfalme mweupe akajificha kwanza (hatua ya kumhamishia pembeni mfalme na ngome kwa pamoja), na Weusi wakalazimika kupoteza hatua nyingine kupeleka ngome a7. Ndipo askofu akarudi e2 bila haraka.

Sasa c5 na d5 wananing'inia, hawana askari wa pembeni wa kuwakinga. Hatua ya 18 farasi mweupe anatua d4, mdomoni kabisa mwa askari wa c5, na hagusiki, kwa sababu ile ile ya mshazari! Akamla askofu mweusi wa e6. Kosa la pili likaja hatua ya 20, Spassky aliposukuma d4: askari wake wakakwama, na askofu mweupe akapata c4 pa kuilenga e6. Kilichofuata ni askari weupe kusonga e5, kisha f5, na ngome kutolewa mhanga f6 hatua ya 38. Hatua ya 41 Spassky alisalimu amri, kisha akampigia makofi mpinzani wake pamoja na watazamaji. Fischer akaongoza kwa mara ya kwanza, 3½ kwa 2½.

Dawa ya hatua ya 14 ni malkia b7. Anatoka kwenye mshazari, na askari wa b6 akishaondoka njiani anamtisha askofu wa b5. Weupe wakila c5, askari wa b6 akalipiza, ngome zikabadilishana na malkia mweupe akabaki c5, farasi anaruka a6. Askofu akimla, malkia mweusi analipiza na kuichunga f1, hivyo mfalme mweupe hawezi kujificha. Weupe wana askari mmoja zaidi, lakini mfalme wao amebaki katikati ya ubao. Geller, mchezaji wa Kisovieti, alimshinda Timman wa Uholanzi kwa njia hiyo Hilversum, Uholanzi, mwaka 1973. Na Geller huyo huyo alikuwa msaidizi wa Spassky pale Reykjavik!

Naomba safu yenu ya michezo, badala ya orodha kavu ya hatua, ichapishe picha ya ubao wa hatua ya 14 na swali moja: Weusi wacheze nini? Jibu litoke wiki inayofuata, pamoja na sababu za a6 kushindwa.

Msomaji wenu,
Tanga